Kidole Kilichohesabu Ngamia

Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa mshtakiwa nyumbani kwetu, na kosa langu lilikuwa moja tu: nilihesabu ngamia.

Usicheke. Sisi tuliolelewa nje kidogo ya Wajir tunajua kwamba mifugo hutazamwa, haihesabiwi. Mama yangu husimama mlangoni pa zizi jioni bila namba hata moja kichwani, akawatazama wakiingia, halafu akasema, "Yule mwenye sikio lililochanika hajafika." Na kweli hajafika. Kunyoosha kidole na kuhesabu kwa sauti ni kumwonyesha mwenye kijicho mahali pa kuanzia. Haya niliyajua kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Sasa nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mgeni, mtu wa nyanda za juu, hajui hili wala lile kuhusu ngamia. Akatuamuru tukahesabu mifugo ya nyumbani, tuchore chati, na atakayekosa atapiga deki darasa wiki nzima. Wenzangu, wajanja wale, walitunga namba zao njiani wakirudi nyumbani. Mimi nilikuwa kimbelembele, mtoto wa kufuata amri. Jioni ile nikasimama karibu na zizi, nikanyoosha kidole, nikapaza sauti kwa Kiswahili cha shule: moja, mbili, tatu. Nilifika kumi na tisa. Kidole kilikuwa juu ya ndama jike mmoja aliyezaliwa mvua ile, miguu mirefu, anamkimbilia mama yake, pale mama yangu aliponidaka mkono na kuuchapa kofi hadi vidole vikafa ganzi.

Ningesahau kofi lile. Nimechapwa kwa makosa mengi na mengine nilistahili. Lakini ndama yule alikua, akawa ngamia mrembo, shingo ndefu, nundu imesimama wima, na hakushika mimba. Akapandwa na dume la kwetu, hakuna. Likaazimwa dume la jirani, hakuna. Kila mvua ilipokwisha, watu walimtazama ubavu, kisha wakanitazama mimi.

Na hakuwa ngamia wa kawaida kwa mama. Bibi yangu, mzaa mama, alimpa mama ngamia jike siku alipoolewa, na uzao wa ngamia huyo ndio mama aliouita mali yake mwenyewe. Ukame uliwamaliza mmoja mmoja mpaka akabaki huyu, jike wa mwisho. Yeye akifa bila kuzaa, zawadi ya bibi imekwisha duniani. Basi jamaa wakampa jina la utani, "ngamia wa kidole", na mimi nikajifunza kusimama na mikono nyuma kila mifugo inapoingia. Hakuna aliyeniamuru. Nilianza tu, na mama hakunikataza.

Mazoea hayo yalinifuata mpaka Garissa, ninakofanya kazi katika maabara ndogo ya mifugo. Msimamizi wangu aliniuliza wiki ya kwanza kwa nini nasimama kama kiranja wa gwaride. Nikamwambia ni adabu. Nitamwambia nini?

Kazi yenyewe naipenda, wallahi. Nje jua la Garissa linachoma mpaka mbwa anachagua kivuli cha nguzo, lakini ndani nina hadubini, na chini ya hadubini kuna seli. Watu hudhani seli ni kifuko cha maji kisicho na akili. Upuuzi! Seli ikitaka kugawanyika inafanya kazi ya kupangwa kuliko ofisi yoyote niliyowahi kupanga foleni. Kwanza inanakili kromosomu zake zote, zile nyuzi zilizobeba urithi. Kisha inazikunja, inazipanga mstari katikati, na kutoka pande mbili zinakuja nyuzi nyembamba za kuzishika na kuzivuta, nusu huku, nusu kule, ili kila seli mpya ipate fungu lililo kamili.

Siku hizi watafiti wanatazama seli zikiwa hai, kwa kamera, na yanayoonekana yananifurahisha hadi najicheka peke yangu. Kromosomu moja ikiwa bado haijashikwa vizuri, moja tu, seli nzima inasimama na kuisubiri. Zingine zote zimejipanga tayari, lakini hakuna kuondoka. Na inaonekana seli huweka kumbukumbu ya muda iliosubiri, maana ikichelewa kupita kiasi, zile mbili zinazozaliwa huweza kukataa kugawanyika tena. Niliposoma hayo mara ya kwanza niligonga meza. Mwenzangu wa maabara, kijana mtani sana kutoka Kitui, akauliza kama nimeng'atwa na nge.

Mwaka jana, mvua zilipokaribia kwisha, mama alinipigia simu. Kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye, hooyo, kwa hiyo nikisikia neno hilo limevutwa najua kuna jambo.

"Hooyo," akasema, "adeer yako amesema imetosha." Adeer ni baba mdogo, mdogo wa baba yangu marehemu, na ndiye msemaji wa mambo ya mifugo. "Mvua hii ikipita na ngamia wako hana mimba, anapelekwa soko la Garissa. Kwa wachinjaji."

"Ngamia wangu? Tangu lini ni wangu?"

"Tangu ulipomhesabu."

Nikavimba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina shahada, nina kazi, na bado nashtakiwa kwa kidole cha darasa la sita! Nikamwambia nakuja, na nakuja na sindano, na tutajua mara moja kama ni kidole changu au ni kitu kingine.

"Na kama ni kidole?" mama akauliza.

Hii ndiyo aibu yangu nitakayoisema hapa: nina shahada ya biolojia, lakini swali lile sikulicheka. Kichwa kilijua kwamba kidole hakifungi tumbo la ngamia. Moyo ulikuwa bado umesimama mlangoni pa zizi.

Nikaenda Wajir na kisanduku cha barafu. Ngamia alipigishwa magoti, mguu mmoja ukafungwa kamba, nikatafuta mshipa wa shingo. Alininusa kichwani, akanipulizia mate ya majani yaliyocheuliwa, kisha akatulia. Mama alimshika hatamu.

"Ulianza kwa kumhesabu, sasa unamnyonya damu," akasema. "Sijui mara ya tatu utamfanya nini."

"Mara ya tatu nitamtetea," nikajibu, na adeer aliyekuwa akisikiliza pembeni akacheka mpaka akakohoa.

Nilirudi Garissa na mirija miwili ya damu. Kazi ni hii: unachukua damu kama ilivyo, unalea chembe nyeupe zilizomo siku tatu katika kasha la joto sawasawa na joto la mwili, ukizichochea kwa dawa inayotokana na maharagwe mekundu ili zianze kugawanyika. Kisha unazitilia dawa nyingine inayoyeyusha zile nyuzi nyembamba zinazovuta, seli zikakwama zote pale pale katikati ya kugawanyika, kromosomu zikiwa zimenenepa na kuonekana vizuri. Halafu unatia maji yenye chumvi hafifu. Seli nyeupe zinavimba, kromosomu zinaachana ili zihesabike, na chembe nyekundu, ambazo huzihitaji, zinapasuka na kuondoka. Mwisho unadondosha tone kutoka juu kwenye kioo, linatapanyika, unapaka rangi, unatazama.

Nikatazama. Matope matupu. Chembe nyekundu zimejaa kioo kizima, nzima nzima, hakuna hata moja iliyopasuka ya kutajika. Nikasoma maelekezo upya. Nikamlaumu aliyetengeneza maji, na aliyetengeneza maji nilikuwa mimi. Nilikasirika, nikatoka nje kununua chai ya maziwa ya ngamia, na nikiwa nimekishika kikombe ndipo nikajipiga paji la uso. Maelekezo yale yameandikwa kwa damu ya binadamu! Ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji akifika kisimani anakunywa mpaka unadhani atapasuka, na damu yake inavumilia, kwa sababu chembe zake nyekundu huvimba bila kupasuka. Nani asiyejua ngamia hapasuki kwa maji? Mtoto wa mfugaji, mwenye shahada, ndiye asiyejua.

Nikampigia mama simu kumweleza, maana kosa zuri halifai kufichwa. Alicheka vizuri. "Mimi ungeniuliza ningekwambia bure," akasema. Tangu ndama yule alipokataa kuzaa hatukuwahi kucheka pamoja juu ya ngamia yule, na niliona raha sana.

Mrija wa pili ulikuwa kwenye friji. Safari hii niliizungusha damu kwenye mashine kwanza, nikachota utando mweupe peke yake, nikaacha wekundu wote. Siku tatu baadaye nikapaka rangi, nikaweka jicho, na kromosomu hizo hapo, zimetawanyika kwenye kioo, safi, zambarau. Nikapiga picha, nikaichapisha kwenye karatasi kubwa, nikaiweka mezani.

Kilichobaki ni kuhesabu.

Nilikaa mbele ya karatasi ile mikono ikiwa mapajani. Mwenzangu wa Kitui akaniuliza kama nimesahau namba. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu wa nje jambo lile lote, nikitegemea mzaha. Hakufanya mzaha. Alivuta kiti, akasema, "Unataka nihesabu mimi?" Nilitamani kukubali. Lakini nilijua kwamba akihesabu yeye, hata jibu likiwa zuri namna gani, litabaki kuwa la mtu mwingine. Nikapiga moyo konde, nikasema bismillahi, nikanyoosha kidole kile kile cha mkono wa kulia, nikaanza kwa sauti.

Ngamia mzima ana kromosomu sabini na nne. Nilifika sabini na tatu.

Wazo la kwanza lililonijia, na nalisema bila kutia chumvi, ni kwamba kidole kimemla mmoja. Nikahesabu tena: sabini na tatu. Mwenzangu akanikumbusha kwamba tone likidondoka vibaya kromosomu moja huweza kupotea, seli moja haithibitishi kitu. Kweli. Nikatafuta seli nyingine, na nyingine, na nyingine, mpaka macho yakatoa machozi ya uchovu. Zote zilizokaa vizuri zilisema sabini na tatu. Msimamizi akazipitia zote naye, akakubali. Kisha nikakata picha ya moja kwa makasi, nikazipanga kromosomu jozi jozi, kubwa na mwenzake, ndogo na mwenzake, kama viatu mlangoni pa msikiti. Jozi zote zilitimia isipokuwa moja. Jike anatakiwa awe na kromosomu mbili za X. Huyu alikuwa na moja.

Nilirudi Wajir na karatasi ile ndani ya bahasha ngumu. Mama alinimiminia chai, akaniacha nipumzike, hakuuliza. Adeer alikuja akakaa na fimbo yake. Nikafungua bahasha nikaweka karatasi mkekani mbele yao. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu ya kitaalamu, na sikupata nafasi ya kuianza.

Mama yangu hajasoma. Aliinama juu ya karatasi, akaitazama kama anavyotazama zizi, bila kidole, bila namba, macho yakipita taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Haikufika hata muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

"Huyu yuko peke yake," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Mwenzake yuko wapi?"

Mimi nilihesabu siku mbili, jamani!

Nikamwambia ndiyo, huyo ndiye. Nikamweleza kwamba hivi vyote vinakaa ndani ya kila tone la mwili wa ngamia yule, na kwamba anayekosekana ndiye anayehitajika ili mayai yakomae tumboni. Bila yeye ngamia anakua, anapendeza, anakula, ila hazai. Nikaeleza jinsi seli inavyopanga na kusubiri.

"Inasubiri wa mwisho ashikwe?" mama akauliza.

"Inasubiri."

"Kama sisi kisimani. Haondoki mtu mpaka wa mwisho anywe."

"Hivyo hivyo. Lakini mara chache mlinzi anasinzia, hooyo. Hasa pale mayai na mbegu zinapotengenezwa. Mmoja anaachwa nyuma, na wengine wanaondoka bila yeye."

Adeer akauliza swali ambalo nililisubiri tangu Garissa. "Na huyu aliachwa lini?"

"Kwenye yai la mama yake, au kwenye mbegu ya dume. Au siku ile ile ya kwanza ya mimba, akiwa bado si ngamia wala si chochote. Haikuwa baada ya hapo, kwa sababu upungufu uko katika kila seli niliyoiona."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Na wewe ulimhesabu lini?"

Alijua. Nami nilijua kwamba anajua. Lakini alitaka niseme mimi.

"Alikuwa anakimbia, hooyo. Alikuwa ameshazaliwa. Alikuwa anamkimbilia mama yake."

Adeer alikuna kisigino kwa ncha ya fimbo. Mama aliikunja ile karatasi, akaikunja tena, akaisweka chini ya mto wake, mahali anapoweka vitu vyake vya thamani. Kisha akamimina chai nyingine kwenye kikombe changu ambacho kilikuwa bado kimejaa, ikafurika hadi mkekani.

Adeer akasogeza mguu wake mbali na chai. "Basi mambo ni rahisi," akasema kwa upole. "Tumejua hazai. Aende sokoni."

"Hauzwi," akasema mama.

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana tukidhani amefungwa na jicho la mtu. Kumbe kaja hivyo. Aliyemleta hivyo anajua kwa nini. Na nani atavaa kengele? Wale wajinga wengine wanajua njia ya kisimani?"

Ni kweli ngamia yule ndiye aliyevaa kengele ya mti shingoni, na wengine humfuata. Adeer alijaribu maneno mawili matatu, akaona anajisumbua bure, akaomba sukari zaidi. Kuhusu zawadi ya bibi, kwamba imefika mwisho, mama hakusema neno siku ile. Nilimwona tu akitoka nje kwenda kumtazama ngamia mchana kweupe, jambo asilolifanya, na akakaa naye kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umetulia. Nadhani alikuwa akimuaga mama yake.

Jioni mifugo ikaja. Vumbi kwanza, halafu kengele, ko, ko, ko, kisha yeye mwenyewe mbele ya kundi, shingo juu. Nikasimama mahali pangu upande wa zizi. Mama alisimama kando yangu akiwatazama wakikaribia.

"Mikono hiyo unamficha nani?" akauliza bila kunigeukia.

Sikuwa hata nimejua kwamba iko nyuma. Nikaitoa. Ikaning'inia tu, sikujua niiweke wapi. Mama akauchukua wa kulia, ule ule alioudaka siku ile, akaushika kwa viganja vyake viwili, akaupapasa vidole kama anayetafuta mwiba. Ngamia alikuwa amefika, akasimama mbele yetu kwa desturi yake, na mama akakiweka kidole changu shingoni mwake, chini ya kengele, mahali nilipomtoboa kwa sindano.

Mama yangu hasemi Kiswahili. Sokoni anajua salamu na bei ya sukari, basi.

"Kumi na tisa," akasema, polepole, kila neno likitoka zima, kwa ile sauti ya shule niliyoitumia mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Miaka yote ile alikuwa ameishika namba mahali nilipoiachia.

Ngamia wengine walikuwa wanasukumana nyuma wakitaka kuingia.

"Sema mashallah kwanza," mama akaniambia. "Halafu endelea."

Nikasema mashallah. Nikanyoosha kidole kwa aliyefuata, nikafungua mdomo, na ishirini ikachukua muda mrefu sana kutoka.